Watu themanini wanaoisemea Gusii

Ukitaka kuona sampuli ikichukuliwa bila kompyuta wala digrii, pita kwenye kituo cha kununulia chai pale Kebirigo au Nyansiongo alasiri moja. Wakulima wamesimama foleni na magunia yao. Karani hana muda wa kutazama jani mojamoja. Anatumbukiza mkono katika gunia mpaka kiwikoni, anachomoa konzi, analitandaza na kulikagua: je, ni majani mawili na chipukizi, au ni majani yaliyokomaa na vijiti? Konzi hilo ndilo linaloamua kama gunia zima litapimwa au mwenyewe atakaa kando achambue upya huku lori likikaribia.

Mkono unazama kwa sababu kila mkulima anajua kupanga gunia. Laini juu, ngumu chini. Karani anayechota juujuu atapokea chai nzuri siku zote, na kiwandani wataipata habari kamili.

Basi mtoto wa Gusii hukua akiijua hila hii. Ajabu ni kwamba gazeti likiandika kuwa Kisii na Nyamira, kaunti zetu mbili za Gusii, "zimeamua" kumfuata mwanasiasa fulani, tunabishana kuhusu mwanasiasa huyo kuanzia stendi ya matatu hadi kanisani, na hakuna anayeuliza mkono wa mtafiti ulizama mpaka wapi.

Tuanze na mwaka 2022, maana deni lake bado halijalipwa. Katika siku za mwisho kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, utafiti wa Infotrak ulimpa Raila Odinga asilimia 49 na William Ruto asilimia 41. Ipsos walisema 47 kwa 41. Matokeo yaliyotangazwa na tume ya uchaguzi, na kuidhinishwa na Mahakama ya Juu Septemba 5, yalikuwa Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85. Watu wakacheka, wakasema watafiti wamenunuliwa.

Lakini zitazame hesabu hizo tena. Kwa Raila watafiti walikaribia kabisa. Infotrak waliikosa kura yake kwa chini ya nukta moja. Walipoanguka ni kwa Ruto, na walianguka kwa zaidi ya nukta tisa. Katika utafiti wa Ipsos, ukijumlisha 47 na 41, zinabaki nukta 12 za watu ambao hawakutaja yeyote kati ya wawili hao: waliosema hawajaamua, waliokataa kujibu, na waliotaja wagombea wadogo. Wagombea hao wadogo, George Wajackoyah na David Mwaure, hawakufikisha hata asilimia moja wakiwa pamoja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kundi lile huenda ilikuwa watu waliofunga midomo. Ninavyoona mimi, gunia la 2022 lilikuwa na tabaka la chini ambalo mkono haukuligusa, na tabaka hilo halikufanana na la juu.

Kosa la aina hiyo halimo katika ile sentensi inayosomwa haraka mwishoni mwa taarifa ya habari, kwamba utafiti una kiwango cha makosa cha asilimia mbili kuongeza au kupunguza. Sentensi hiyo ina maana moja tu, na ni finyu. Ukihoji watu 2,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka nchi nzima, kisha uirudie kazi hiyo mara 100 kwa watu wengine, katika mara 95 hivi jibu lako litakuwa ndani ya nukta 2.2 za ukweli. Hilo ni kosa la bahati, kama kete. Linapungua ukiongeza watu, ingawa kwa uchoyo: ili uligawe mara mbili inakubidi uhoji watu mara nne, yaani 8,000. Mtu aliyekufungia mlango au aliyekudanganya hayumo katika hesabu hiyo. Unaweza kuhoji watu laki moja na kosa lake likabaki palepale, likinenepa.

Sasa turudi nyumbani. Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Ukiwaweka pamoja ni kama asilimia nne ya Wakenya wote. Katika utafiti wa kitaifa wa watu 2,000, mgao wao wa haki ni watu 80 hivi. Themanini. Ni abiria wa matatu sita za viti kumi na vinne, na katika ile ya sita viti vinne vitakuwa vitupu.

Kwa kazi ya kukadiria Kenya nzima, 80 hao wanatosha, kwa sababu wanabebwa na wenzao 1,920. Taabu inaanza mhariri anapowatenga na kuwaandikia kichwa chao cha habari. Kiwango cha makosa kwa watu 80 ni nukta 11 kila upande. Mwanasiasa aliyepewa asilimia 48 huko Gusii anaweza kuwa na 37, au 59. Kwa maneno mengine, ameshinda au ameangushwa vibaya, chagua wewe.

Na hata hizo 11 ni za kuhurumiwa. Hakuna kampuni inayowachota watu 80 mmojammoja kutoka Suneka hadi Ekerenyo, kwani nauli ya bodaboda pekee ingewamaliza. Kinachofanyika ni kuchagua maeneo machache, yaliyochorwa kwa ajili ya sensa, kisha kuhoji watu kadhaa katika kila eneo. Afrobarometer, ambao wamekuwa wakihoji Wakenya ana kwa ana kwa miaka mingi, huhoji watu wanane katika kila eneo. Kwa mpango huo watu 80 wa Gusii wanatoka maeneo kumi.

Mgeni ataona ni sawa tu. Mwenyeji anajua mteremko mmoja wa Gusii ni nini. Wanane hao huenda ni wajukuu wa babu mmoja. Ardhi iligawanywa kutoka kwa baba hadi kwa wana, kamba baada ya kamba, kutoka kilele cha kilima mpaka mtoni, na kila mwana akajenga kwenye kipande chake. Majina yetu ya maeneo bunge yenyewe yamebeba koo: Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Mugirango, Bonchari, Machoge. Wakati wa siasa neno *egesaku*, ukoo, lina uzito kuliko manifesto yoyote, na wazee wakishakaa kitako wakakubaliana, nyumba ishirini zinajibu kwa sauti moja. Ukihoji wanane kati yao hujapata maoni manane. Pengine umepata matatu, yamerudiwarudiwa.

Wanatakwimu wana njia ya kulikadiria jambo hilo. Tuseme kufanana kwa majirani ni 0.2 kwenye kipimo cha 0 hadi 1, kiasi ambacho katika siasa za huku si cha kushangaza. Kwa watu wanane kila eneo, sampuli inapungua nguvu mara 2.4. Wale 80 wanabaki na uzito wa watu 33. Kiwango cha makosa kinapanda hadi nukta 17. Ni afadhali kurusha shilingi. Angalau haihitaji posho.

Je, ingehitajika nini ili mtu aseme kwa uhakika wa nukta tano jinsi kila eneo bunge lilivyo? Watu 400 hivi kwa kila moja, kabla hata ya kuhesabu huko kufanana kwa majirani. Kisii ina maeneo bunge tisa na Nyamira manne. Hao ni wahojiwa 5,200 kutoka Gusii peke yake, zaidi ya mara mbili ya sampuli ya kawaida ya nchi nzima. Ndiyo maana utafiti wa kweli wa kura za mbunge ni adimu kama nyati Keroka, na ule wa bandia umejaa kila kona.

Nimewahi kuifanya kazi hii ya kubisha hodi. Ni miaka mingi sasa, na kampuni iliyoniajiri nitaiacha bila jina. Tulikuwa wanne, tuliteremshwa njia panda upande wa Nyamira, tukaambiwa kila mmoja ashike mwelekeo wake, ahesabu nyumba, na asimame kwenye nyumba ya tano, kisha ya tano inayofuata.

Maagizo hayo yaliandikwa na mtu aliyezoea mitaa yenye nyumba zilizopangwa mstari. Gusii haina mstari. Kuna barabara ya murram juu ya kilima, nyumba za mabati na mawe zimepakana nayo, halafu kuna vijia vinavyoshuka katikati ya migomba na chai, vinapinda, vinapotea kwenye nepia, vinaibukia uwanjani kwa mtu. Nyumba ya tano ni ipi? Boma moja lina nyumba ya mzee, nyumba ya mwana wa kwanza, nyumba ya wa pili, na nyumba ndogo ya kijana aliyevuka jando. Je, hiyo ni moja au nne? Kanuni inasema hesabu wale wanaokula chungu kimoja. Sawa, lakini mke wa mwana wa pili amegombana na mama mkwe Jumanne, na tangu Jumanne hiyo anapika kwake.

Ukishaipata kaya, hujamaliza. Huruhusiwi kumhoji aliyekukaribisha. Inakupasa uorodheshe watu wazima wote wa nyumba hiyo kwa umri, kisha jedwali lichague mmoja. Njia hiyo ilibuniwa na mwanatakwimu Leslie Kish mwaka 1949, na sababu yake ni nyepesi: wanaofungua mlango saa nne asubuhi si picha ya nchi. Ni wazee, wagonjwa, akina mama wenye watoto wachanga, na vijana wasio na kazi. Wachuma chai wako shambani tangu alfajiri na mwenye duka yuko sokoni Daraja Mbili. Jedwali likimchagua mtu aliye shambani inakubidi urudi jioni.

Urudi jioni, Gusii? Anayeijua hali ya hewa ya huku atacheka. Asubuhi jua linawaka, saa nane mawingu yanakusanyika kutoka upande wa ziwa, saa tisa mvua inapiga mabati mpaka mtu hasikii swali. Udongo unageuka sabuni. Kwa hiyo kazi yote inabanwa asubuhi, saa zilezile ambazo watu wa kazi hawapo.

Siku yangu ya pili, nyumba yangu ya tano ilikuwa ng'ambo ya kijito. Niliiona vizuri kutoka nilipokuwa: paa la kutu, moshi ukitoka jikoni, kamba ya nguo. Kushuka ni dakika ishirini, kupanda nusu saa, na wingu lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi. Juu kwenye barabara palikuwa na nyumba yenye baraza na viti. Nilienda kwenye baraza.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mkarimu, akaniletea chai kabla sijafungua faili. Nikamsomea maswali kwa Kiswahili cha fomu. Tulipofika penye swali la elimu ya baba, akanijibu haraka kwamba hakusoma kabisa, kazi yake ilikuwa kulima wimbi na kuuza ndizi, na alimzaa yeye akiwa wa sita. Nikaacha kuandika. Katika Ekegusii, *baba* ni mama. Baba ni *tata*. Mimi nilijua hivyo tangu kuzaliwa, naye alijua Kiswahili barabara, lakini swali lilipokuja kwa ghafla sikio lake lilikwenda nyumbani. Nilirekebisha. Sijui wenzangu watatu, ambao wawili wao hawakuwa watu wa huku, waliandika akina mama wangapi kwenye safu ya akina baba.

Halafu likaja swali la kura. Akanyamaza, akatazama faili, akaniuliza:

"Mwanangu, hao wengine huko juu wamesema nani?"

Nikamwambia siwezi kumwambia.

"Basi andika huyo waliyesema wengi."

Fomu haina kisanduku cha jibu hilo. Ina "sijaamua" na "nakataa kujibu". Yeye hakuwa amekataa, na nina shaka kubwa kama hakuwa ameamua. Alikuwa anapima mvua kabla ya kutoka, kama mtu yeyote mwenye akili aliyeishi katika nchi ambayo jibu lisilo sahihi, miaka mingine, limewahi kumgharimu jirani nyumba. Alikuwa pia hajaamini kwamba nimetumwa na kampuni. Afrobarometer huwa na busara ya kuuliza mwishoni: unafikiri nani ametutuma? Kila duru, kundi kubwa hujibu kuwa ni serikali. Kama hapo kando yako ameketi mzee wa mtaa aliyekuongoza njia, usimlaumu mtu kwa kufikiri hivyo.

Jina la anayeuliza nalo lina kazi yake. Mwaka 2016 watafiti Claire Adida, Karen Ferree, Daniel Posner na Amanda Robinson walichapisha uchambuzi wa data za Afrobarometer kutoka nchi kadhaa za Afrika, wakaonyesha kwamba watu hujibu tofauti wanapohojiwa na mtu wa kabila lao na wanapohojiwa na mtu wa kabila jingine, hasa kwenye maswali yanayogusa ukabila. Sikuhitaji kusoma jarida kuliamini hilo. Nilikuwa nikisema "Bwakire" mlangoni na kuona uso ukilegea. Mwenzangu aliyesema "Habari ya asubuhi" alipewa kiti na majibu mafupi.

Siasa si mahali pekee ambapo jibu linapinda. Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2014, asilimia 84 ya wanawake Wakisii wa miaka 15 hadi 49 walieleza kuwa wamekeketwa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuwa imepitishwa mwaka 2011. Mwanamke akiulizwa habari zake mwenyewe, za miaka ishirini iliyopita, anaweza kujibu bila hofu. Muulize habari za binti yake wa miaka tisa, na hapo unamwomba ashuhudie mahakamani. Idadi ya mabinti ikishuka, sehemu yake ni mabadiliko ya kweli, tena ya kufurahisha, na sehemu nyingine ni watu kujifunza kujibu. Nani atazitenganisha kwa fomu?

Utafiti huo wa afya ndio unaoonyesha kazi ikifanywa kwa pesa na subira. Ule wa mwaka 2022 uligawanya nchi katika matabaka 92, mijini na vijijini kwa kila kaunti isipokuwa Nairobi na Mombasa ambazo ni mijini tupu, ukachagua maeneo 1,692 na kaya 25 kwa kila eneo. Kaya zilichaguliwa ofisini, kutoka orodha iliyoandaliwa kabla. Karani wa namna yangu, aliyeona wingu, hakuachiwa nafasi ya kwenda kwenye baraza. Lakini kazi ya uwanjani ilianza Februari ikaisha Julai, na hakuna gazeti litakalosubiri miezi mitano kujua nani anaongoza.

Kwa hiyo kampuni nyingi zimehamia kwenye simu. Haraka, nafuu, hakuna matope. Mvua ikinyesha Nyamache, anayepiga simu yuko Nairobi na kikombe chake. Ila simu ina mteremko wake. Wazee wengi wa vijijini hawapokei namba wasiyoijua, na kwa matapeli tulionao sasa, vijana pia. Simu ya nyumba mara nyingi iko mfukoni mwa mume. Na ukipata namba ya mtu wa Kisii, hujui kama yuko Kisii: nusu ya ukoo wako Nairobi na Nakuru, wanajibu kama wenyeji, na siku ya kura wengine hawasafiri. Kampuni zinajaribu kurekebisha kwa kuwapa uzito zaidi wale waliopatikana wachache, kwa mfano mwanamke mmoja wa kijijini ahesabiwe kama wawili. Hiyo inasaidia ikiwa mwanamke aliyepokea simu anafanana na yule asiyepokea. Sina hakika hata kidogo.

Nimeacha kura za WhatsApp mwisho kwa kuwa hazistahili nafasi kubwa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi milioni 10 hivi, kwa majina yaliyotolewa zaidi kwenye orodha za wenye simu na magari, likarudishiwa zaidi ya milioni mbili, na kwa kiburi cha wingi huo likatangaza kuwa Alf Landon angemshinda Rais Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa asilimia 61 hivi. Kila nikiona mgombea ugavana anajigamba kuwa watu elfu arobaini wamebofya picha yake, nalikumbuka jarida hilo, ambalo halikumaliza hata miaka miwili baada ya hapo.

Sheria tunayo. Sheria ya Uchapishaji wa Kura za Maoni ya mwaka 2012 inamtaka anayechapisha utafiti wa uchaguzi ataje aliyeulipia, waliohojiwa wangapi, jinsi walivyochaguliwa, na maswali yenyewe, na inapiga marufuku kuuchapisha siku tano za mwisho. Magazeti, hili letu likiwemo, hutaja idadi na kiwango cha makosa, basi. Maelezo ya jinsi watu walivyochaguliwa hubaki ukurasa wa kumi na saba wa ripoti, na swali la wangapi walikataa kuhojiwa, ambalo mimi ningelisoma kwanza, mara nyingi halimo kabisa. Kelele za 2027 zimeshaanza, na jina la Fred Matiang'i, mwana wa Borabu, linarushwa huku na huku pamoja na asilimia zake. Nitaziamini nikionyeshwa ni nyumba ngapi zilirukwa.

Siku ile nilimaliza na mama wa baraza kabla ya matone ya kwanza. Nilimwandikia "hajaamua". Kwenye nafasi ya namba ya nyumba niliandika tano, kama ilivyotakiwa. Mvua ilipoanza nilikuwa bado chini ya paa lake, kikombe cha pili mkononi, nikiutazama ule moshi ng'ambo ya kijito. Mtu alitoka jikoni mbio kuanua nguo. Sikuweza kuona kama ni mwanamume au mwanamke.